Rovu na Upungufu wa Damu ni Maradhi Jirani

Askari apatapo uhamisho kwenda milimani, jamaa yake huhama naye. Hufunga vyombo na magodoro, wala hawafikirii kwamba ardhi waiendeayo yaweza kuwa na upungufu usioonekana kwa macho. Mvua za karne nyingi huyaosha madini ya iodini kutoka katika udongo wa milima. Kwa hiyo hata mahindi na maharagwe ya huko huwa na iodini haba.

Shingoni, chini ya kikoromeo, mna tezi iitwayo thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni ziongozazo joto la mwili, nguvu na ukuaji. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Tezi ikiikosa iodini hujitahidi hata ikafura, na hilo ndilo rovu. Lakini uvimbe huo sio msiba mkubwa. Msiba ni wa mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake hutegemea homoni hizo. Akizikosa sana, aweza kuzaliwa kiziwi au akili yake ikadumaa, na dawa ya baadaye haitamrudishia alichokosa.

Katika miaka ya 1960, madaktari Delange na Ermans wa Ubelgiji walichunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, nchini Kongo. Kaskazini, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache mno, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Sababu moja ilionekana katika muhogo. Usipotolewa sumu vizuri, huacha mwilini kitu kiizuiacho iodini kuingia katika tezi. Hapana budi, basi, muhogo mchungu uloweshwe siku kadhaa na kuanikwa kabla ya kupikwa.

Nchini Kodivaa, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulifunua jambo jingine. Watoto wenye rovu walipewa mafuta yenye iodini. Wale waliokuwa na damu ya kutosha, rovu zao zilinywea vizuri. Waliopungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, nyingi zilibaki. Sababu ni kwamba tezi haiwezi kuitumia iodini barabara pasipo chuma.

Kwa hiyo, kina mama na kina baba, yafaa tuyashike haya. Nunueni chumvi yenye iodini, iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na itieni chunguni chakula kikaribiapo kuiva. Maharagwe na mboga za majani ziliwe pamoja na chungwa au limau, maana huusaidia mwili kupokea chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa hukizuia chuma hicho. Malaria na safura nazo hupunguza damu. Chandarua na viatu ni kinga.

Mwenye shingo iliyovimba, au anayechoka na kuhisi baridi pasipo sababu, aende hospitali akapimwe. Aliyepewa vidonge vya thairoidi asivimeze pamoja na vya chuma. Apishe saa nne baina yake.

Mama mjamzito asingoje shingo ivimbe ndipo aulize habari za chumvi. Mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kungoja.