Kijitabu cha Kliniki Mlangoni mwa Shule

Ni nadra kukuta familia ya Mwambao isiyo na jamaa aliyehamia bara kwa biashara, kazi au ndoa. Wengi wao wamejenga maisha Kitale na Bungoma, na watoto wao wanasoma huko. Tunapowajulia hali kwa simu, huuliza masomo na mvua. Wiki hii twawaomba wasomaji wetu waulize na jambo la tatu: je, chanjo za watoto zimekamilika?

Twauliza kwa sababu. Nchini Kenya mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio azaliwapo, akarejeshwa kliniki akiwa na majuma 6, 10 na 14, kisha akachanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9. Hapo wazazi wengi huona kazi imekwisha, wakakifungia kijitabu kabatini. Kumbe dozi ya pili ya surua ni ya miezi 18. Bungoma kuna na chanjo ya malaria: ilipoanza mwaka 2019, kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizotangulia kuipata, na dozi yake ya nne ikapangwa mtoto atimizapo miaka 2. Kaunti ya Trans Nzoia, uliko mji wa Kitale, haikuwamo. Basi familia inayohama kutoka mji mmoja hadi mwingine yaweza kupitwa na dozi bila kukusudia.

Katika umri huo mama hana tena mazoea ya kliniki, ila ana mazoea ya kituo cha kulea watoto, na baadaye shule. Ndipo tunaposema kwamba mlango wa shule ndio mahali pa kukiulizia kijitabu.

Tumfikirie mtoto mchanga. Sheria ya kazi humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3. Akirudi kazini, mwanawe huachwa kituoni, na chanjo ya surua bado iko mbali kwa miezi 6. Muda wote huo kinga yake kubwa ni kwamba wenzake wakubwa wamechanjwa. Surua huenea kwa hewa, na mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza 9 katika kila 10 wasio na kinga walio karibu naye. Mzazi anayeacha dozi ya pili ya mwanawe, anamweka hatarini na mtoto wa jirani.

Basi walimu wakuu na walezi wafanyeje? Wakiulize kijitabu siku ya kumwandikisha mtoto, na waweke nakala yake. Kila muhula unapofunguliwa, waandike majina ya waliopungukiwa na dozi, wawasiliane na zahanati iliyo karibu au mhudumu wa afya ya jamii, wapange siku ya wahudumu kuja. Chanjo hizi hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumkumbusha mzazi. Madrasa nazo zisijitoe, kwani humo pia watoto hukaa bega kwa bega.

Lakini mtoto asifukuzwe kwa kukosa dozi. Kifungu cha 53 cha Katiba kimempa haki ya elimu na haki ya matibabu pamoja. Haifai kumnyima moja kwa kudai nyingine. Apewe mzazi barua ya upole na tarehe ya kurejea. Mwenye hofu kuhusu chanjo asikemewe mbele ya watu, bali aketishwe na muuguzi, asikilizwe na ajibiwe.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mtoto ni amana ya wazazi wake, na saa anazokuwa shuleni ni amana ya mwalimu. Basi shangazi, mjomba, bibi na babu mlioko Mombasa, Lamu na Malindi, mpigapo simu Kitale au Bungoma, ombeni kijitabu kifunguliwe na ukurasa wa chanjo usomwe hadi mwisho.