Je, Wajua? Kundi la Baiskeli, Upepo na Mvua za Kigoma

Je, wajua kwamba saa 12 asubuhi Kigoma bado ni usiku? Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 29 na nusu. Jua huchomoza karibu saa 1, kama dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Bujumbura, kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na Kalemie, ng'ambo yake, saa ziko nyuma kwa saa nzima, kwa hiyo huko watu wanaamka saa 12 na jua lao, ilhali mtu wa Ujiji anaamka saa 12 na nyota. Kundi la baiskeli linalokubaliana kukutana Mwanga, hapa mjini, saa 12 Jumapili huanza safari kwa taa. Fidia inakuja jioni: anayetoka ofisini saa 9 na nusu ana zaidi ya saa tatu za kuendesha kabla giza halijaingia.

Na upepo je? Kwenye mwambao huu hugeuka mara mbili kwa siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupaa, na hewa ya ubaridi iliyo juu ya ziwa husogea kuchukua nafasi. Usiku nchi kavu hupoa kwanza, mwendo unageuka, upepo unashuka kutoka milimani kwenda majini. Sasa tazama ratiba ya waendesha baiskeli. Wanatoka mjini alfajiri kwenda bara, upande wa Kidahwe, na mabaki ya upepo wa usiku yanawapiga usoni. Wanageuza saa 5, upepo wa ziwa umekwisha kuamka, nao unawapiga usoni vilevile. Utasikia watu wakilalamika kwamba Kigoma haina upepo wa mgongoni, na katika miezi ya mvua hawako mbali na ukweli.

Kiangazi ni habari nyingine. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki ndio mwenye mji, na unaweza kuvuma siku nyingi mfululizo. Anayekwenda Kidahwe analipa gharama yote wakati wa kwenda, kisha anarudi akisukumwa. Upepo huohuo una kazi kubwa zaidi ya kutusumbua sisi. Unasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, tabaka la joto linakuwa nene upande wa Burundi na jembamba upande wa Zambia, na kule kusini maji baridi yenye rutuba hupanda juu. Ukilegea, tabaka hilo hubaki likiyumba chini kwa chini, kwenda na kurudi, kila mzunguko ukichukua wiki tatu hadi nne, na mtu aliyesimama ufukweni haoni lolote. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Rutuba inayopandishwa ndiyo chakula cha vijimea na vijidudu, navyo ni chakula cha dagaa. Kwa hiyo ule upepo unaoulaani ukipanda kilima cha Kidahwe una mkono wake kwenye sahani yako ya mchana.

Je, wajua kwamba ukiongeza mwendo maradufu, upinzani wa hewa unakuwa mara nne? Ndiyo maana kundi halikusanyiki kwa sababu ya mazungumzo tu. Aliyejibanza nyuma ya mwenzake, gurudumu kwa gurudumu, huokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake kwenye barabara tambarare. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walipima kundi la waendeshaji 121 na kugundua kwamba aliye katikati kabisa hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani ambao angekutana nao akiwa peke yake. Kundi linakwenda kilomita 54 kwa saa, yeye anatumia nguvu za mtu anayekwenda 12 hadi 15. Hata wa mbele hafanyi kazi ya bure. Mwenzake akimkaribia kwa nyuma, ule mvuto wa hewa unaomrudisha hupungua kidogo, naye anapata nafuu ya asilimia mbili tatu hivi.

Upepo ukija kwa ubavu, kivuli chake hakiko tena nyuma ya mtu; kiko nyuma na pembeni. Mabingwa wa Ulaya hujipanga mshazari na kuchukua barabara nzima. Ukijaribu hilo kati ya Mwanga na Ujiji, bajaji ya kwanza itakufundisha adabu. Huku kwetu tunabaki mstari mmoja, wa mbele anapaza sauti "Shimo!" au "Mchanga!", na neno linapita mtu hadi mtu mpaka kwa wa mwisho, ambaye kwa kawaida amekwisha kuingia shimoni.

Mkoa huu una kalenda mbili za mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziweka Kibondo na Kakonko, kaskazini, pamoja na mikoa ya Ziwa Viktoria, yenye vuli na masika. Kusini, zikiwemo Ujiji na Kigoma mjini, kuna mvua za msimu: zinaanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma Aprili au Mei. Ukiendesha kutoka Ujiji hadi Kibondo umetoka kwenye utabiri mmoja na kuingia mwingine bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Tena kuna suala la mwinuko. Uso wa ziwa uko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu, mpakani na Burundi, inapanda hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi, zaidi ya mita 1,500. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi. Ufukweni watu wanajipepea, Kalinzi ukungu umeshika migomba. Kupanda hakukupi shida, mwili unachemka. Shida ni kushuka, shati limelowa na kasi inapita kilomita 40 kwa saa. Dawa yake ni ya kale na bado inatumika hata kwenye mashindano makubwa ya Ulaya: gazeti. Likunjue, liingize ndani ya shati, lifunike kifua. Gazeti la jana linafaa sawa na la leo.

Je, wajua kwamba tairi la baiskeli halielei juu ya maji barabarani kama la gari? Gari likienda kasi kwenye lami iliyojaa maji linaweza kupanda juu ya tabaka la maji na kuacha kutii usukani. Tairi la baiskeli ni jembamba, la mviringo, na upepo wake wa ndani ni mkali. Ingebidi uende zaidi ya kilomita 100 kwa saa ndipo likufanyie hivyo. Kwa hiyo zile kashata za tairi ambazo muuzaji anazisifia zina kazi kwenye tope, si kwenye lami. Kinachoangusha watu ni vitu vingine: mvua za dakika za mwanzo, zinapochanganyika na vumbi na matone ya oili, michoro ya rangi barabarani, na udongo mwekundu uliobebwa na magurudumu ya malori kutoka njia za pembeni.

Na breki. Baiskeli nyingi za mzigo zina breki za vyuma zinazobana rimu ya chuma iliyong'arishwa. Rimu hiyo ikilowa, vipande vya mpira vinateleza juu yake na umbali wa kusimama unaongezeka vibaya sana. Rimu ya alumini ina nafuu. Anayeijua baiskeli yake hubana breki kidogo kidogo kabla ya kuihitaji, kuifuta rimu maji, kisha ndipo anabana kweli.

Pancha ya mvuani nayo ina sheria zake. Fundi wa pale njia panda ya Mwandiga hafanyi haraka: anaitoa tyubu, anaifuta kwa kitambaa, anaisugua kwa msasa mpaka weusi ugeuke kijivu, anapaka solusheni, kisha anaacha. Anaipuliza. Anazungumza na mteja mwingine. Solusheni ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki, na tone moja la maji chini ya kiraka linatosha kulirudisha kundi zima kwake baada ya kilomita mbili. Wenye haraka humwambia abandike tu. Yeye hawasikilizi, na ana haki.

Wenyeji wana kituo chao cha hali ya hewa, nacho kiko kwenye fukwe za Kibirizi na Katonga. Dagaa huanikwa juani, na mvua ikiwakuta mali imeharibika, kwa hiyo walioanika hawaachi kuangalia wingu. Ukipita ukaona kila mtu ameinama anakusanya, usiulize simu inasema nini. Siku ambazo ufuo hauna dagaa kabisa, huenda ni mbalamwezi tu: wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa zao hazina nguvu.

Ngurumo za eneo hili si za mchezo. Uchambuzi wa picha za setilaiti za mwaka 1998 hadi 2013, uliotolewa mwaka 2016, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa la kwanza duniani kwa radi, miali 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili duniani, na la kwanza Afrika, lilikuwa eneo la Kabare, Kivu Kusini, kaskazini-magharibi ya Kigoma, likiwa na miali 205. Hesabu sekunde tangu umeme uwake hadi ngurumo isikike, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Zikifika 10 au chini yake, tafuta nyumba. Raba ya tairi haikukingi, na mwembe ni mahali pabaya pa kujibanza hata kama Ujiji nzima imejaa kivuli chake.

Mabingwa wa kweli wa barabara hizi hawavai nguo za kubana. Ni wale wanaoteremsha mawese. Dumu la lita 20 lina kilo kama 18, na mtu hufunga manne au zaidi kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mawese yana tabia ya kufuata hali ya hewa: asubuhi ya baridi huganda, jua likipanda huyeyuka. Dumu lililojaa hadi shingoni hutulia, lisilojaa, mafuta yakishayeyuka, huchezacheza kwenye kila kona na kuivuta baiskeli upande wake. Ukimkuta mtu wa namna hiyo kilimani, shuka umsaidie kusukuma. Mwendo wako wa Jumapili unaweza kusubiri.

Sasa angalia ng'ambo. Siku mvua ikikatika, milima ya Kongo inaonekana wazi kutoka Ujiji, maji ya kama kilomita 50 yakiwa katikati. Historia ya tairi lako inapita huko. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alisajili tairi la upepo alilolitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka michache baadaye Ulaya na Marekani zikashikwa na wazimu wa baiskeli na bei ya mpira ikapanda. Sehemu ya mpira huo ilikuwa utomvu wa mitambaazi ya mwituni, jamii ya mtoria, na misitu ya Kongo ilikuwa nayo tele. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeimiliki nchi ile kama shamba lake tangu 1885, aliwalazimisha watu kuuleta. Walioshindwa kutimiza kiasi walipigwa, walichukuliwa mateka, waliuawa. Mateso makubwa zaidi yalikuwa mbali, kwenye misitu ya bonde la Kongo upande wa kaskazini-magharibi. Lakini Ujiji nayo iliguswa na dola ile: Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeutawala mji, alipigana na majeshi ya Leopold ng'ambo ya ziwa katika vita vya 1892 hadi 1894 na kushindwa. Leopold alinyang'anywa nchi mwaka 1908. Hadithi hii haisimuliwi kwenye maduka ya baiskeli.

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza Septemba 2025, kwa jirani zetu wa Kigali, karne moja na zaidi baada ya kuanza mwaka 1921. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5 za vilima mfululizo. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Karibu zaidi nasi, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, waendesha baiskeli wa mizigo hupanda mlima wakiwa wameshika nyuma ya malori, kisha hushuka na ndizi kwa kasi inayomfanya mtazamaji afumbe macho.

Safari ya kufika huku nayo imebadilika. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Mpelelezi mwingine, Stanley, alitumia sehemu kubwa ya mwaka 1871 kwa safari hiyohiyo. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi. Kundi la baiskeli linalokwenda kilomita 100 kwa siku lingezimaliza siku ya 13. Mtoni Malagarasi Stanley alilazimika kulipa vitambaa apate mitumbwi, na punda wake mmoja akakamatwa na mamba wakati wa kuvuka. Siku hizi pana Daraja la Kikwete, mita 275, na mtu anapita bila kushuka kwenye baiskeli.