Maji machafu yanavyowapokonya fulu wa Ziwa Victoria rangi zao

MVUA kubwa inaponyesha katika nyanda za juu za Mau, mto Sondu-Miriu hubadilika. Maji yake hupita karibu na mashamba, hufika Sondu yakiwa na rangi ya udongo, kisha huteremka Nyakach na kumwagika katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Wakazi wa ufuoni wanajua kwamba udongo huo, mbolea inayosombwa nao na maji taka ya miji huchafua ziwa. Lisilofahamika na wengi ni kwamba uchafu wa aina hiyo unaweza pia kufuta rangi za samaki, na hatimaye kuangamiza spishi nzima bila hata samaki mmoja kuvuliwa.

Samaki hao ni wale wadogo ambao Waluo huwaita fulu, na Watanzania furu. Wanasayansi hukadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na takriban spishi 500 za fulu. Ziwa lenyewe lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kwa hivyo spishi hizo zilizuka katika muda mfupi mno. Madume yake hung'aa kwa rangi ya samawati, nyekundu au manjano, ilhali majike wengi ni wa kijivu.

Ili kuelewa uchafu unavyoweza kubadilisha rangi ya kiumbe, ni vyema kukumbuka kisa maarufu cha nondo wa Uingereza, mdudu wa usiku aliye jamaa ya kipepeo. Zamani nondo hao walikuwa weupe wenye madoa meusi, na mchana walijificha kwenye magome ya miti yaliyokuwa meupemeupe. Mwaka wa 1848 nondo mweusi aliripotiwa jijini Manchester. Kufikia 1895, karibu nondo 98 kati ya kila 100 waliopatikana huko walikuwa weusi.

Masizi ya viwanda hayakuwapaka nondo rangi. Yaliyopakwa ni magome. Ndege waliwaona weupe kwa urahisi na kuwala, huku weusi, ambao walizaliwa hivyo, wakisalimika na kuwarithisha watoto wao weusi huo. Huu ndio uteuzi asilia alioueleza Charles Darwin mwaka wa 1859: mazingira huamua ni nani atakayeishi na kuzaa. Baada ya Uingereza kupitisha sheria ya kusafisha hewa mwaka wa 1956, nondo weupe waliongezeka tena.

Kwa fulu, anayeteua si ndege bali ni jike. Yeye humtambua dume wa spishi yake kwa rangi. Mfano mzuri ni jamaa wawili wanaoishi kwenye miamba: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa samawati, na Pundamilia nyererei, mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Yule wa samawati hukaa karibu na uso wa maji. Mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga mwekundu ndio unaofika kwa wingi.

Mwaka wa 1997, mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa upande wa Tanzania. Walibaini kwamba mahali penye maji machafu fulu walikuwa wamefifia rangi, na spishi zilikuwa chache. Katika majaribio, mwanga ulipobadilishwa hivi kwamba nyekundu na samawati hazikutofautika, majike walikubali dume yeyote. Watoto waliozaliwa waliweza kuishi na kuzaa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, jamaa hao wawili wangali mbalimbali. Katika kisiwa cha Luanso, kwenye maji machafu ya Ghuba ya Mwanza, mpaka kati yao umetoweka.

Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi na karibu imezingirwa na nchi kavu, kwa hivyo maji yake ni machafu kuliko ya ziwa kuu. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mijini hulisha mwani, nao huzuia mwanga. Virutubisho hivyo ndivyo vilevile vinavyostawisha gugumaji.

Uchafu si adui pekee. Mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno miaka ya 1980 na kuwala fulu wengi. Waliosalia ndio wanaokabiliwa na giza la maji.

Hasara haihusu urembo tu. Kila spishi ya fulu ilikuwa na kazi yake: wengine hula mwani, na wengine hula konokono, ambao baadhi yao hueneza kichocho.

Hewa ya Uingereza ilipotakata, nondo weupe walirejea kwa sababu hawakuwa wameisha. Lakini spishi mbili za fulu zikishaungana kuwa moja, kusafisha maji pekee huenda kusizitenganishe tena. Ndiyo maana kuhifadhi miti kando ya mto, kuacha kulima hadi ukingoni na kusafisha maji taka ni kazi ya kufanywa mapema, tena kuanzia huko juu ya Sondu, mbali na macho ya mvuvi.