Usiuze Fahali Wako Bora
Karo ya watoto inapohitajika, mfugaji huchagua ndama dume aliyenona kuliko wote, akampeleka sokoni. Yule dhaifu hubaki zizini, na huyo ndiye atakayepanda majike. Hasara yake haionekani leo. Itaonekana kwa ndama watakaozaliwa.

Ukuaji hutokana na malisho, lakini sehemu yake hurithiwa kwa baba na mama. Basi linganisha ndama wa umri mmoja waliolishwa pamoja. Wapime waachapo kunyonya, na tena wafikishapo mwaka. Aliyewazidi wenzake mtunze awe fahali, wengine wahasiwe.

Huko Naivasha, tangu 1962, ng'ombe wa Sahiwal wamechaguliwa kwa kumbukumbu za uzito na maziwa. Nawe anza daftari lako. Tena fahali asiwapande binti zake.