Maradhi Mawili Katika Nafsi Moja

Dereva wa lori aliyekawia Tunduma akingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, akionekana amelewa tangu alfajiri, aghalabu huhukumiwa kuwa mlevi na shauri likaishia hapo. Ilhali yumkini kabla ya kuionja pombe alikuwa akirudi mara kwa mara kukagua lakiri na breki zilezile, akijua fika kwamba ziko salama, wala asiweze kuikaidi fikra iliyomshurutisha.

Maradhi haya ya fikra sumbufu na matendo ya kujirudia yanajulikana tangu kale, kwani tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyaeleza katika kitabu chake mbali na huzuni, hofu na ghadhabu. Hata hivyo ni nadra kuja peke yake: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulidhihirisha kwamba watu 9 katika kila 10 waliopata kuyaugua walipata pia maradhi mengine ya akili, yakiwemo hofu iliyokithiri, sonona, na uraibu. Na sababu haifichiki, maana mtu anayeporwa saa nyingi kila siku na fikra asizozitaka, akaona haya kumwambia hata mkewe, hujitenga, hukata tamaa, kisha hutafuta kileo kimtulize. Nacho kikiisha nguvu, hofu humrudia maradufu.

Kuyajua maradhi yote mawili, haya na yale yanayoandamana nayo, ni sharti la tiba. Dawa ya fluoksetini hufaa kwa sonona na kwa fikra hizi pia, lakini fikra hudai mara nyingi kipimo kikubwa zaidi na subira ya wiki 8 hadi 12. Na mwenye maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, akipewa dawa hiyo peke yake, aweza kuchachamaa kupita kiasi. Vivyo hivyo mazoezi ya kuikabili hofu bila kulitenda tendo lile, ambayo Victor Meyer aliyaeleza mwaka 1966 huko Uingereza, humshinda aliyelemewa na sonona kali mpaka sonona hiyo nayo itibiwe. Na penye fikra za kujiua, uhai hutangulizwa kabla ya yote.

Kwa hiyo nawasihi waganga wa zahanati zetu za Songwe, kabla hawajampeleka mgonjwa Vwawa au Mbeya, wamuulize kwa faragha na upole kama kuna fikra inayomrudia au tendo asiloweza kuliacha. Nanyi jamaa zake msimkemee wala kumcheka, bali mfuatane naye hospitali, mkaseme yote mliyoyaona.