Butembo: Ameacha chaki, ameshika usukani wa kamyo

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye parkingi moja ya mji wa Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini, mwanaume wa miaka 34 anazunguka kamyo akiwa na tochi mkononi. Anagonga kila tairi kwa kipande cha chuma, anasikiliza sauti, kisha anaenda kwenye lingine. Miaka michache iliyopita, saa kama hii alikuwa akijitayarisha kwenda kufundisha darasa la nne. Leo anapeleka kakao na kahawa Kasindi, kwenye mpaka na Uganda, na atarudi na simenti.

Ameomba tusitaje jina lake, kwa sababu mwenye kamyo hapendi habari za gari lake zisomwe na kila mtu. Lakini amekubali kueleza namna alivyobadilisha kazi, na anachotaka wengine wajue kabla ya kumfuata. Vijana wenye diploma wanakuja kwake kila juma kuuliza kama kuna nafasi.

Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, wazazi waliacha kulipa prime. Walimu waliokuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali walibaki na mshahara wao. Wale ambao hawakuwa kwenye orodha, wanaoitwa NU, walibaki wakingoja. Yeye alikuwa NU. Alingoja miaka miwili huku akilima shamba la baba mkwe wake na kukopa chumvi dukani. Siku moja binamu yake, shofere wa siku nyingi, alimwambia kwamba konvoyeri wake amegonjwa, na kama hana haya ya kuchafuka, apande.

Mwaka wa kulala chini ya kamyo

Hakuna aliyeanza kwa kushika usukani. Kazi ya kwanza ni kuwa konvoyeri: kuhesabu mizigo, kufunga turubai, kubadilisha tairi wakati wa mvua, kulala chini ya gari ili mtu asiibe mazutu. Kwenye mlima, konvoyeri anashuka na kutembea nyuma ya gari na kipande cha mti mkubwa. Gari likianza kurudi nyuma, anakitupa chini ya tairi, kisha anaruka pembeni. Akikosea hatua moja, anapoteza mguu au uhai.

Kwa mwalimu, aibu ilikuwa nzito kuliko uchovu. Wanafunzi wake wa zamani walimuona barabarani, amejaa potopoto mpaka magotini, na walimsalimia kwa sauti: Mwalimu! Anasema kwamba mara ya kwanza aliangalia chini. Mara ya tatu aliinua mkono.

Lakini mwaka ule ulimfundisha mambo ambayo hakuna shule ya kuendesha ingemfundisha. Alijua kusikia tairi lenye upepo mdogo. Alijua kwamba mzigo uliopangwa vibaya unaweza kupindua gari kwenye kona hata kama shofere hakukimbia. Alijua mekanisyen gani wa Beni anaamka usiku, na ni barieri gani inataka maneno mengi.

Permi si karatasi tu

Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Permi ya gari dogo, yaani kategoria B, haimruhusu mtu kuendesha kamyo. Gari la mizigo linalopita kilo 3500 linahitaji kategoria C, na likivuta rimoki kubwa, inaongezwa kategoria E. Kila mtu mjini anajua pia kwamba kuna wanaopata permi bila kukaa hata siku moja nyuma ya usukani. Huyu wa kwetu anawaambia vijana kwamba permi ya namna hiyo inakupitisha kwenye barieri, lakini mlima haiutambui.

Mlima ndio mtihani. Kamyo iliyojaa, ikishuka, inasukumwa na uzito wake. Shofere mgeni anakanyaga freni muda wote, freni zinapata moto, mwisho hazishiki tena. Shofere anayejua anapunguza mwendo akiwa bado juu, anaingiza vitesi ndogo, na anaiacha mota ishikilie gari. Freni anaigusa kidogo kidogo. Kanuni ya wazee ni kwamba unashuka na vitesi ile ile ambayo ungepandia. Kwenye kamyo zenye freni za upepo kuna jambo moja zaidi: kila asubuhi maji yaliyojikusanya kwenye matanki ya upepo yatolewe, na gari lisiondoke kabla mshale wa upepo haujapanda.

Wanaobeba mazutu na esansi wana mzigo mwingine juu ya huo. Watu wa Kivu ya Kusini hawajasahau Sange, kwenye barabara ya Uvira. Tarehe 2 Julai 2010, gari la mafuta lilipinduka katikati ya kijiji. Watu walikimbilia kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 230 walikufa. Tangu alipoanza kazi, mwalimu wetu amekataa mara mbili kubeba mafuta. Bosi alikasirika, lakini hakumfukuza.

Kuvuka Kasindi

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80. Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua kazi za kutengeneza barabara hizo tarehe 16 Juni 2021, walipokutana mpakani. Kwa shofere, kilomita hizo hazihesabiwi kwa saa. Zinahesabiwa kwa mvua, kwa barieri na kwa habari za usalama.

Upande wa pili wa mpaka, Mpondwe, kila kitu kinageuka. Kongo tunaendesha kuume, Uganda wanaendesha kushoto, sawa na Kenya na Tanzania. Shofere mpya anapovuka mara ya kwanza, hatari kubwa ni asubuhi ya siku ya pili, akiwa na usingizi, barabara haina mtu, na mkono unarudi wenyewe upande wa nyumbani. Binamu yake alimfundisha kubandika karatasi mbele ya kioo yenye neno moja: KUSHOTO.

Huko kuna mizani pia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2016 inaweka uzito wa mwisho wa gari na mzigo wake kuwa tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022, lakini shofere wengi wa kwetu wamezoea kupakia mpaka springi zinalia. Kwenye mizani ya Uganda au Kenya, kuzoea huko kunalipwa kwa feza. Na asiransi ya nyumbani haitoshi: kwa safari hizo inahitajika kadi ya manjano ya COMESA.

Kuna kitu kimoja ambacho shofere wa mashariki mwa Kongo anacho bila kulipia: lugha. Kwa Kiswahili anaweza kuomba msaada wa tairi Kasese, kuuliza bei ya chakula Nakuru na kuongea na askari wa barabara Mombasa. Watamcheka kidogo kwa Kiswahili chake, lakini watamwelewa.

Bibi yake analala simu mkononi

Hata hivyo, hakuna mtu Butembo anayeongea juu ya kazi hii bila kutaja wafu. Kwenye barabara ya kitaifa nambari 4, kati ya Beni, Komanda na Mambasa, waasi wa ADF wameshambulia na kuchoma magari mara nyingi, na shofere ni kati ya waliouawa. Sehemu zingine magari yamelazimika kupita kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi. Barabara nambari 2 kuelekea Goma nayo imebadilika tangu vita vya M23 viliporudi, na mizigo mingi imetafuta njia zingine.

Bibi yake alikubali kwa masharti. Asiendeshe usiku. Apige simu kila anapofika. Na asikubali safari ya Mambasa, hata kama bosi ataongeza feza. Sharti la tatu ndilo gumu, kwa sababu malipo ni kwa safari, na safari yenye hatari ndiyo inalipa zaidi. Mwezi wenye mvua nyingi na safari chache, nyumba inarudi kwenye deni. Anakiri kwamba siku moja alienda Mambasa na kumdanganya bibi kwamba yuko Kasindi. Alirudi salama, lakini hakulala vizuri kwa juma zima, na mwisho alimwambia ukweli.

Hana barua ya mkataba. Shofere wengi wa kamyo hawana. Mambo yanapangwa kwa mdomo kati yao na mwenye gari. Lakini sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inawahusu sawa na wafanyakazi wengine, na mwajiri anapaswa kuwaandikisha kwenye CNSS, mfuko unaolipa mtu akipata ajali kazini. Siku gari linapopinduka, tofauti kati ya aliyeandikishwa na asiyeandikishwa inaonekana kwenye kitanda cha hospitali, au kwa mjane. Anasema ndilo jambo la kwanza angeuliza kama angeanza upya, kabla ya kuuliza malipo.

Kwa vijana wanaomfuata, jibu lake ni moja: njoo uwe konvoyeri miezi 6, bila kushika usukani. Wengi hawarudi. Wawili walirudi, na mmoja wao sasa anaendesha Fuso kati ya Butembo na Lubero.

Saa moja kasoro robo, mshale wa upepo umepanda. Konvoyeri wake, kijana wa miaka 19, ametoa kipande cha mti chini ya tairi. Mwalimu anamuita, anamwonyesha kamba moja ya turubai ambayo haikukazwa, na anangoja mpaka aikaze. Kisha anapiga simu nyumbani kusema kwamba anaondoka.