Bibi Akiwekewa Betri ya Moyo, Jembe Atashika Nani?

Katika vijiji vyetu vya Usambara, kuanzia Bumbuli na Soni hadi Mlalo na Mtae, si ajabu kumkuta bibi wa miaka 70 akishuka bondeni alfajiri na jembe begani, kisha akarudi na mzigo wa kuni kichwani. Wazazi wa wajukuu wako Tanga au Dar es Salaam wakitafuta maisha. Mwenye shamba, zizi na watoto ni yeye. Bibi wa namna hii akiambiwa kwamba moyo wake unahitaji betri, na kwamba baadaye atapumzika kwa wiki kadhaa, mara nyingi kinachomtisha zaidi si kisu bali huko kupumzika.

Tueleze kwanza betri yenyewe. Moyo una mfumo wake wa umeme unaouamuru upige. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mfumo huo unaweza kuchakaa kwa umri, mapigo yakashuka hata chini ya 40, na mtu akapata kizunguzungu au akazimia ghafla. Wengi wetu husema ni uzee, na wengine hutafuta mchawi. Kuzimia katika mteremko wa mashamba yetu ya kabichi si jambo dogo.

Mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958. Alibadilishiwa betri zaidi ya mara 20 na akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Hapa nchini kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Mgonjwa huchomwa ganzi, kifaa kidogo huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na waya hupitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo. Hakichajiwi, wala hakizimiki TANESCO wakikata umeme (tumeulizwa hilo zaidi ya mara moja).

Sasa kuhusu mapumziko. Waya ukiwa mpya haujashika vizuri ndani ya moyo. Huhitaji kama wiki nne hadi sita, na mkono wa upande ule ukiinuliwa juu ya bega au ukivuta kitu kizito, waya unaweza kuchomoka mahali pake na kazi ikarudiwa. Fikirini basi kazi za bibi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kuitwika ni lazima mikono yote miwili ipande juu. Jembe hupanda na kushuka. Kupasua kuni ni vivyo hivyo, na kumrusha mjukuu mgongoni pia. Hata kwaya ya akina mama imwombee ruhusa asiinue mkono huo wakati wa kusifu!

Lakini kupumzika si kulala kitandani. Kutembea taratibu ni vizuri. Mkono usifungwe muda wote, maana bega litakakamaa. Autumie kula, kupukuchua maharage, kusuka nywele za wajukuu akiwa ameketi nao chini.

Kwa maoni yetu, kumwambia bibi "pumzika" halafu kuacha mtungi wa maji ukiwa mtupu ni kumdanganya. Ataamka tu achote. Kwa hiyo kabla hajaondoka kwenda hospitali, familia ikae na kupanga kwa majina nani atachota maji, nani atakata majani ya ng'ombe, nani atapalilia. Kama hakuna mtu, mzee wa kanisa aarifiwe mapema ili jumuiya igawane siku. Ikiwezekana tarehe ichaguliwe nje ya msimu wa kupanda. Ila kama bibi anazimia, asingoje mavuno.

Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, homa ikipanda, au kizunguzungu kikirudi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Simu isiwekwe kwenye sidiria wala mfuko wa kifuani upande wa betri; iwe mbali walau sentimita 15. Kadi ya betri aliyopewa aitunze pamoja na kadi ya kliniki, aende nayo kila anapotibiwa, na kliniki asiikose hata akijisikia mzima, kwa sababu betri huisha baada ya miaka kadhaa na pale ndipo hupimwa imebaki kiasi gani.